Bandeji ya chembe za fedha haipatani na chumvi

Mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi ya mbanguaji, na ngozi iliyobabuka ni mlango wa bakteria, hasa Staphylococcus aureus. Huku pwani, Mtwara hadi Lindi, wapo wanaokimbilia kukiosha kidonda kwa maji ya bahari. Hayo yana vijidudu vyake, na pia huiharibu mojawapo ya bandeji bora tulizo nazo dhidi ya maambukizi.

Bandeji hiyo imepakwa chembe za madini ya fedha zisizozidi nanomita 100. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo chembe hizi hazionekani kwa macho. Zikipata unyevu hutoa ioni (atomu za fedha zenye chaji ya umeme) zinazotoboa utando wa bakteria na kung'ang'ania protini zake. Kwa kuwa hushambulia sehemu nyingi kwa wakati mmoja, bakteria hupata shida kuzizoea, ingawa usugu upo.

Sasa, chumvi. Kloridi iliyomo kwenye chumvi ikikutana na ioni za fedha hujenga kloridi ya fedha, ambayo karibu haiyeyuki, na nguvu ya bandeji hushuka. Maji ya dripu ya chumvi yanafaa kuoshea kidonda. Kuloweshea bandeji hii, hapana. Tumia maji ya sindano (maji tasa yasiyo na chumvi), iache ichuruzike, kisha iweke juu ya kidonda kilichooshwa na kuondolewa usaha na nyama iliyokufa (kazi ya muuguzi hiyo). Juu yake weka gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), ufunge. Aina nyingine huwekwa zikiwa kavu, basi soma pakiti. Usipake Vaselini wala marhamu ya mafuta chini yake: mafuta huzuia fedha kufika kwenye kidonda.

Nyingi hubadilishwa kila baada ya siku 3, baadhi hukaa hadi 7. Ikilowa usaha, mapema zaidi. Ikikauka hunata, na ukiivuta kwa nguvu unang'oa ngozi changa, kwa hiyo ilowanishe kwanza. Weusi au kijivu kwenye ngozi mara nyingi ni doa la fedha tu.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa ni kuing'ang'ania. Kidonda kikishakuwa safi na chekundu, fedha huchelewesha seli mpya za ngozi, tena bandeji yenyewe ni ghali. Baada ya wiki 2 kipimwe upya. Gozi ya kawaida yenye unyevu huenda ikatosha.

Bandeji haifiki ndani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo papasa: joto, uvimbe na ugumu unaopanuka kuvuka ukingo wa kidonda, au homa, ni dalili za kuhitaji antibayotiki ya kumeza au sindano siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari na kidonda cha mguu asisubiri hata dalili hizo. Aliyekatwa na panga au jembe aulizwe chanjo ya pepopunda, na mwenye mzio wa fedha asifungwe bandeji hii kabisa.