Afasia: maneno yanapogoma kutoka

Jirani yetu wa Magomeni alikuwa konda wa daladala kwa miaka mingi. Alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza na maneno yakamkimbia. Mwamkie "shikamoo mzee", anaitikia "marahaba" safi kabisa. Muulize anataka chai au uji, hapo ndipo kazi: anafungua mdomo, anatafuta, jasho linamtoka, mwisho anapiga kiti kwa kiganja cha kushoto na kusema, "Twende, twende!" Mtaani wakanong'ona kuwa akili imeruka, wengine kwamba kachezewa.

Ile ni afasia: lugha kuharibika kwa sababu ubongo umeumia, mara nyingi kwa kiharusi, pengine kwa ajali ya kichwa au uvimbe. Mgonjwa anajua anachotaka. Neno lake ndilo halipatikani. Watu wengi lugha yao imeegemea ubongo wa kushoto, ambao ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana kupooza kulia na kukosa maneno mara nyingi huja pamoja.

Mwaka 1861, huko Ufaransa, daktari Paul Broca alimpima mgonjwa aitwaye Leborgne, aliyekaa hospitalini miaka 21 akisema "tan" tu, na kuapiza kidogo akikasirika. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika mbele, kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza aina nyingine: pakiumia nyuma zaidi, karibu na sikio la kushoto, mgonjwa anamwaga maneno tele yasiyoshikana, na anachoambiwa hakimwingii vizuri. Ikaonekana basi, lugha ina chumba chake kichwani.

Chumba chenyewe, hata hivyo, kinahamishika. Wapo watoto walioondolewa au kutenganishwa nusu ya kushoto ya ubongo kwa ajili ya kifafa kikali, na bado wakajifunza kuongea kwa nusu iliyobaki. Mtu mzima ni nadra kupata bahati hiyo. Tena si chumba cha mdomo: kiziwi anayetumia lugha ya alama, akiumia kushoto, alama zinaweza kumvurugikia ingawa mikono yake inaweza kazi nyingine.

Na ubongo usio na jeraha peke yake hautoshi kupata lugha. Nikaragua, mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi waliokuwa na ishara za nyumbani tu walikusanywa katika shule mjini Managua. Hakuna aliyewafundisha lugha ya alama. Walipokutana wakaanza kuiunda wenyewe, na wadogo waliokuja baadaye wakaikamilisha kuliko wakubwa zao. Walichokuwa wamekosa ni wenzao.

Sasa "marahaba" ya konda inatoka wapi? Maneno yaliyorudiwa maisha mazima, kama salamu, dua, kuhesabu na nyimbo, hutoka yakiwa mafungu, hayapangwi upya. Mara nyingi hubaki mengine yakipotea. Anayeamkia ndiye anayeyaita.

Mkewe ameshaigundua njia hiyo bila kwenda darasani. Haulizi tena kwa haraka wala hajibu kwa niaba yake. Anakaa mbele yake, anamwonyesha kikombe na bakuli, anasubiri. Juzi akaanza yeye: "Nipe kikombe cha…"

"Chai," mzee akamalizia, kisha akanyoosha mkono wa kushoto.