Kutangaza biashara mpya ya kuosha magari: unashindana na "kesho"

Gari chafu linatembea vizuri tu. Tairi likipasuka mtu atasimama, betri ikifa atatafuta fundi hata usiku, lakini vumbi halijawahi kumwacha mtu njiani. Fundi anatafutwa na mwenye shida. Wewe unamtafuta mtu asiye na shida yoyote: ana gari chafu tu, na amejiambia ataliosha kesho. Au Jumamosi. Au mvua zikiisha.

Kazi yangu ni kuzitangazia biashara ndogo za huduma, na wanaoosha magari nawapenda kwa sababu kazi yao inaonekana kwa macho. Ajabu ni kwamba wengi huja na tangazo lilelile: picha ya gari la kifahari iliyopakuliwa mtandaoni, povu jeupe kila mahali, na maneno "Huduma bora kwa bei nafuu". Hakuna aliyewahi kutangaza huduma mbovu kwa bei ghali, kwa hiyo maneno hayo hayafanyi kazi yoyote pale yalipo.

Anayeahirisha ana maswali yake, ila haulizi kwa sauti. Nitakaa hapo muda gani? Gari la ukubwa wangu ni kiasi gani? Nitakuta foleni? Vitu vyangu vilivyomo ndani vitakuwa salama? Hawatanikwaruzia rangi? Tangazo likijibu mawili au matatu ya hayo linakuwa limeshafanya kazi kubwa: "Nje na ndani, dakika 40. Gari dogo bei hii, gari kubwa bei hii. Tupigie tukuwekee nafasi." Wale wa "bei njoo inboksi" wanampa mtu sababu nyingine ya kusubiri kesho, na alikuwa nazo tayari za kutosha.

Halafu kuna siku ambazo uchafu unageuka shida kweli. Gari linauzwa na mnunuzi anakuja kuliangalia. Kuna harusi. Mtoto ametapika kiti cha nyuma. Maziwa yamemwagika kwenye kapeti, na gari likifungwa juani siku mbili, hakuna kinukishi kitakachookoa jahazi. Watu hao hawaahirishi, na bei haiwashtui sana. Waandikie matangazo yao wenyewe, kila shida na tangazo lake, kwa maneno ambayo mtu mwenye haraka angeyaandika anapotafuta kwenye simu: "harufu ya maziwa kwenye gari", "kusafisha gari kabla ya kuuza".

Unaweza pia kumfundisha mtu kitu ambacho kitamfanya asisubiri. Mfano ninaoutumia sana ni kinyesi cha ndege. Kina tindikali, na gari likipigwa na jua, vanishi ya juu ya rangi inalainika na kutanuka. Jioni ikipoa inajikaza kuzunguka kile kinyesi. Ukikiosha wiki ijayo kinatoka, lakini alama inabaki. Posti fupi ya namna hiyo, na picha ya boneti yenye alama, humsogeza mtu kuliko ofa. Na ni kweli, jambo ambalo si dogo katika fani hii.

Picha ndizo zinazonichukulia muda mwingi nikiwa na mteja mpya. Gari lililolowa linapendeza hata kama limeoshwa vibaya, kwa sababu maji yanaficha mikwaruzo midogo na madoa. Wapigaji picha wanalijua hilo, na wateja wanaanza kulijua. Piga likiwa limekauka. Kabla na baada zipigwe mahali pamoja, pembe moja, mwanga mmoja. Ukipiga "kabla" chini ya mti na "baada" juani, umepima jua, hujapima kazi yako. Picha ninayoipenda kuliko zote haina gari kamili hata kidogo: chukua mati ya miguuni iliyochakaa kwa vumbi, bandika katikati yake utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, safisha upande mmoja, kisha bandua. Mstari unakuwa umenyooka kama wa rula, kijivu huku, cheusi kule. Na kama una mashine ya kunyonya maji kwenye viti, chukua video fupi ya tangi lake likijaa kutoka kwenye kiti kilichoonekana kisafi. Yale maji yanatoka rangi ya matope. Atakayeona atageuka kuangalia kiti alichokalia yeye. Ila omba ruhusa ya mwenye gari, funika namba, na hakikisha hakuna karatasi zake wala picha za familia zinazoonekana ndani.

Kwenye ramani, fanya mapema. Wasifu wa biashara kwenye Google ni bure, lakini unahitaji kuthibitishwa, wakati mwingine kwa video, na hilo linaweza kuchukua siku kadhaa. Usingoje siku ya ufunguzi. Kama unawafuata wateja majumbani, unaruhusiwa kuficha anwani yako na badala yake kutaja maeneo unayohudumia, hadi 20. Google wenyewe wanasema wanapanga matokeo ya eneo kwa mambo matatu: unavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na unavyojulikana. Umbali huwezi kuubadilisha. Kulingana unakupata kwa kutaja huduma zako moja moja (viti, injini, taa zilizofubaa, kung'arisha rangi) badala ya kuandika "usafi wa magari" na kuishia hapo. Kujulikana kunakuja na maoni ya wateja, na wakati wa kuyaomba ni pale mtu anapopokea ufunguo na kuzunguka gari lake akitabasamu. Akishafika nyumbani, basi tena. Usilipe mtu wala kumpa punguzo ili aandike. Google wanakataza, na maoni yanaweza kufutwa.

Hapo kwenye kaunta bandika msimbo wa QR unaompeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa maoni. Kwa wapenda historia: msimbo huo ulibuniwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Umerudi nyumbani tu.

WhatsApp ina mtego mmoja ambao wengi hawaujui. Ukituma ujumbe kwa orodha ya matangazo, unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Unaweza kuwa na namba za wateja kibao na ujumbe ukaishia hewani. Kwa hiyo mwambie mteja palepale: "Tuhifadhi, tukutumie picha gari likiwa tayari." Ana sababu ya kufanya hivyo, naye anaondoka akiwa amekuweka kwenye simu.

Vipeperushi sivipingi, ila kuvibana chini ya waipa za magari yaliyoegeshwa sikushauri. Karatasi ikinyeshewa inagandia kwenye kioo, na wewe uliyejitangaza kuondoa uchafu ndiye uliyeuleta. Viache mahali ambapo magari yanazungumziwa: kwa fundi, kwa muuza matairi, kwa wakala wa bima, kwa wanaouza magari yaliyotumika. Huyo wa mwisho anaweza kukupa kazi nyingi kuliko tangazo lolote, kwa sababu hakuna anayejua thamani ya gari safi kama anayeliuza.

Ofa ya ufunguzi ya nusu bei mimi huwa naikataa. Inawaleta watu wa nusu bei, na ukirudisha bei kamili wanaona umepandisha. Afadhali bei ibaki na uongeze kitu: anayeosha nje, ndani afyonzewe vumbi bure. Kisha umpe kadi ya mihuri, na hapo kuna utafiti ambao kwa bahati njema ulifanyika kwenye sehemu ya kuoshea magari hasa. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha matokeo ya kadi 300 walizogawa. Nusu zilikuwa na nafasi 8 tupu. Nusu nyingine zilikuwa na nafasi 10, mbili zikiwa zimegongwa mhuri tayari. Hesabu ni ileile, kila mmoja anahitaji kuosha mara 8 apate moja ya bure. Waliomaliza kadi tupu walikuwa asilimia 19. Wa kadi iliyoanzishwa, asilimia 34. Anayejiona ameshaanza safari hataki kuiacha njiani, na hao wa pili walirudi haraka zaidi pia. Kugonga mihuri miwili ya mwanzo hakukugharimu kitu.

Kisingizio cha mvua nacho kina dawa yake: ahidi kwamba ikinyesha ndani ya saa 48, mteja arudi asuuziwe nje bure. Wengi hawatarudi, lakini hawatakuwa na la kusingizia tena.

Matangazo ya kulipia yaweke mwishoni kabisa. Kwenye Facebook na Instagram unaweza kuchora duara kuzunguka eneo lako. Lifanye dogo, maana hakuna anayevuka mji kwenda kuosha gari la kawaida. Na piga hesabu ya uwezo wako kwanza. Una sehemu mbili za kuoshea, gari moja dakika 40, kazi kwa muda wa saa 9: hayo ni magari 26 kwa siku bila mtu hata kunywa maji. Tangazo likileta 40 Jumamosi ya kwanza, 14 wataondoka wamenuna, na wanaonuna ndio wepesi wa kuandika maoni. Liwashe Jumatatu hadi Alhamisi, siku ambazo ndoo zimekauka, na kila anayekuja muulize alikusikia wapi, uandike daftarini. Foleni ikizidi, lisimamishe. Kitufe kipo hapo hapo, na utaliwasha tena Jumatatu.