Antena ya kiraka: maana yake, na kwa nini unafuu wake unataka tupa

Fungua kile kifaa cha kufuatilia pikipiki kinachofichwa chini ya kiti, utakuta ndani yake kigae cha mraba, mara nyingi milimita 25 kwa 25, chenye uso wa rangi ya fedha na doa la risasi ya kulehemu lisilokaa katikati kabisa. Kigae hicho ndicho antena ya GPS. Wataalamu huiita antena ya mikrostripu. Mimi napenda kuiita antena ya kiraka, kwa sababu ndivyo ilivyo: kiraka cha chuma juu, bamba la chuma chini, na kati yao kitu kisichopitisha umeme.

Kiraka husikia vizuri pale urefu wake unapokaribia nusu ya wimbi. GPS hutangaza kwa masafa ya MHz 1575.42, na wimbi lake hewani lina sentimita 19, hivyo nusu ni 9.5. Lakini wimbi likipita ndani ya kitu kigumu hujikunja, yaani hufupika. Kwenye kigae cha kauri hujikunja sana, ndiyo maana antena inatosha ndani ya kifaa kidogo. Kwenye FR4, ule ubao wa kijani wa saketi unaopatikana kila mahali, kiraka hutoka na sentimita 4.5 hivi. Ni kikubwa, lakini ubao wake ni rahisi kupata na unaweza kuukata mwenyewe.

Shida ya FR4 ni kwamba haikutengenezwa kwa kazi hii. Namba inayoonyesha jinsi ubao unavyolikunja wimbi inaweza kuwa 4.2 kwenye ubao mmoja na 4.6 kwenye mwingine. Tofauti hiyo peke yake husogeza masafa kwa MHz 70 hivi, ilhali kiraka chembamba husikia vizuri ndani ya makumi machache tu ya MHz. Kwa hiyo vipimo ulivyonakili kwa mtu, hata awe bingwa, ni vya ubao wake. Kata kiraka kikubwa kidogo kuliko hesabu, pima, kisha punguza kwa tupa. Kupunguza milimita moja hupandisha masafa kwa karibu MHz 35, kwa hiyo mkono uwe mwepesi: shaba iliyokwisha kulika hairudi.

Lile doa la risasi, pale waya unapoungwa na kiraka, nalo lina sababu ya kukaa pale. Ukingoni mwa kiraka ukinzani ni mkubwa, katikati ni sifuri, na waya wa antena unataka ukinzani wa omu 50. Mahali penye omu 50 pako kati ya hapo, karibu zaidi na katikati kuliko ukingoni. Ukitoboa tundu milimita chache pembeni ya mahali pake, sehemu ya mawimbi itarudi ilikotoka.

Jambo linalowaponyoka wengi ni mzunguko. Setilaiti za GPS hurusha wimbi linalozunguka kuelekea kulia, na kiraka cha mraba cha kawaida hupokea nusu tu ya nguvu yake. Dawa yake ni kukata pembe mbili zinazotazamana kimshazari, kidogo tu, na wimbi litaanza kuzunguka. Ila jozi moja ya pembe huzungusha kulia, na jozi nyingine kushoto. Ukikosea jozi, kipimo kama NanoVNA V2 kitakuonyesha mchoro mzuri uleule, kwa sababu hapa chenyewe hupima mawimbi yanayorudi tu, hakijui yanazunguka upande gani. Setilaiti ndizo zitakazokuambia: weka kipokezi uwanjani, mbingu zikiwa wazi, na usome nguvu ya kila setilaiti. Ukiona zote zimeshuka vibaya, rudi kwenye pembe.

Na nguvu hiyo si ya kuchezea. Inayofika ardhini kutoka kilomita 20,200 juu ni sehemu ya wati yenye sifuri 15 baada ya nukta kabla tarakimu ya kwanza haijaonekana. FR4 hugeuza sehemu yake kuwa joto. Kutumia ubao mnene zaidi, wa milimita 3.2 badala ya 1.6, husaidia sana, na pia hupanua masafa yanayosikika. Kisha kikuza mawimbi cha antena, kile kidogo kinachopata umeme kupitia waya uleule, kikae mgongoni mwa kiraka na si mwisho wa waya wa mita tano. Kinachopotea kabla ya kikuza hakirudishwi na kitu chochote. Kinachopotea baada yake hakina uzito mkubwa.

Mwisho kabisa, usimalize kupiga tupa kiraka kikiwa uchi. Kifuniko cha plastiki kinachokaribia shaba hushusha masafa, kwa hiyo kila unapopima, rudisha kifuniko kwanza.