Kipande cha bomba la PVC si cha kuwashia jiko

Juni baridi ya Mbeya ikishika, utamkuta mtu anawasha jiko la mkaa kwa kipande cha bomba alichoacha fundi. "Plastiki ni plastiki tu," anakwambia, "zote zimetoka kwenye mafuta."

Hapana. Karibu asilimia 57 ya uzito wa PVC, plastiki ya bomba hilo, ni klorini, nayo hutokana na chumvi. Ndiyo maana kipande hicho hakishiki moto vizuri. Ukikitoa kwenye mkaa kinazimika chenyewe. Kinachobaki ni moshi mkali. Klorini ile imegeuka gesi ya haidrojeni kloraidi, na ikikutana na unyevu wa macho na koo inakuwa asidi. Hutoka pia dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Na jiko lenyewe tumeliingiza ndani, madirisha yamefungwa, mtoto kalala pembeni!

Bomba lenyewe halina kosa. Likifukiwa vizuri, mbali na jua, linapitisha maji miaka hamsini bila kushika kutu. Joto ndilo lisiloliweza: kwenye nyuzi 80 hivi linalegea, kwa hiyo maji ya moto yapitishe kwenye bomba la PPR, plastiki nyingine inayostahimili joto. Vipande vilivyobaki mrudishie fundi, ataungia kwingine.