Mbwa mwenye redio: mnyama kama kioo cha binadamu katika video za muziki

Usiku mmoja mjini New York, mbwa anachechemea kwa gongo, mguu wake mmoja umefungwa plasta, mkononi redio kubwa inayopiga muziki kwa sauti ya juu. Anaitwa Charles na ana mwezi mmoja tu tangu ahamie mjini. Watoto wawili wanamfanyia mzaha. Muuza vitabu wa kando ya barabara anakerwa na kelele zake. Kila mtu ana la kusema kuhusu ule mguu au ile redio, na hakuna hata mmoja anayeshangaa kwamba huyu mwenzao ana kichwa cha mbwa.

Hiyo ni video ya "Da Funk" ya Daft Punk, kundi la Ufaransa, iliyoongozwa na Spike Jonze mwaka 1997. Naanza nayo kwa sababu sijaona nyingine inayoonyesha dhana yetu waziwazi kiasi hiki: mhusika mnyama anayewekwa mbele yetu ili tujitazame sisi.

Fasihi ya Kiswahili ina maneno mawili ya kutusaidia hapa, nayo huchanganywa mara kwa mara. Tashihisi ni kukipa kitu kisicho binadamu sifa za kibinadamu, kama tunaposema upepo unanong'ona. Hiyo ni mbinu, na inaweza kuishia katika sentensi moja. Hurafa ni hadithi nzima ambayo wahusika wake ni wanyama wenye tabia za watu: sungura mjanja, fisi mlafi, kobe asiye na haraka. Video ya wimbo imerithi zaidi kwa hurafa. Ina dakika tatu au nne, mara nyingi haina msimulizi wala mazungumzo, na maneno ya wimbo yenyewe huenda yakazungumzia jambo jingine kabisa. Inahitaji mhusika ambaye tabia yake inajulikana kabla hajafumbua mdomo. Fisi akiingia tu, tunaanza kulinda nyama.

Lakini si kila mnyama aliyemo kwenye video ni kioo. Simba aliyelazwa miguuni pa mwimbaji ni pambo, au tuseme ishara ya ubabe. Kuna kipimo rahisi: mtoe mnyama, weka mtu mahali pake, kisha tazama kinachopotea. Katika "Opposites Attract" ya Paula Abdul, mwimbaji anacheza dansi na paka wa katuni, na wimbo wenyewe unahusu wapenzi wawili wasiofanana tabia. Mweke mwanamume wa kawaida pale, utapoteza uchangamfu wa michoro, lakini maana itabaki palepale. Paka yule ni mwenzi wa dansi tu, na anacheza vizuri.

Sasa mtoe Charles. Ukiweka kijana mwenye gongo, papo hapo tunaanza kuuliza: ametoka wapi, ni wa rangi gani, wanaomcheka ni watu wa aina gani, nani alaumiwe? Kichwa cha mbwa kinafuta maswali hayo yote. Kinachobaki ni namna mji wenye haraka unavyomtendea anayekwenda polepole. Waliosema kuku mgeni hakosi kamba mguuni hawakuiona video hii, ila wangemtambua Charles mara moja, plasta na yote. Halafu kuna suala la uso. Kinyago hakikunji ndita wala hakitabasamu kama uso wa mwigizaji, hivyo huzuni inabidi itafutwe kwenye mabega, kwenye mwendo, kwenye kusita kwake. Mtazamaji analazimika kuijaza mwenyewe, na anaijaza kwa huzuni anayoijua, yaani yake.

Kioo kinaweza pia kugeuzwa, mnyama akawa ndiye anayetazama. Mwaka 1993 Björk, mwimbaji wa Iceland, alitoa "Human Behaviour", wimbo ulioimbwa kana kwamba mnyama anawaeleza wenzake jinsi binadamu walivyo viumbe visivyoeleweka. Katika video iliyoongozwa na Michel Gondry, mwindaji anamfuata dubu msituni, dubu ambaye ni mwanasesere waziwazi, na mwisho wa safari ni mwindaji anayeshindwa, huku mwimbaji akiishia tumboni mwa dubu. Hapa hatumcheki mnyama kwa kutuiga. Sisi ndio tumekuwa kituko, na usanii wa makusudi wa yule dubu wa kitambaa unafanya kituko hicho kivumilike.

Namna ya tatu ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu mnyama hasimami badala ya mtu hata kidogo: anasimama badala ya tabia. Katika "Carmen" ya Stromae, mwimbaji wa Ubelgiji, video ya katuni iliyoongozwa na Sylvain Chomet mwaka 2015, ndege mdogo wa buluu anatokea pamoja na simu. Kadiri bwana wake, mwenye simu hiyo, anavyozidi kuzama mtandaoni, ndivyo ndege anavyonenepa. Anaingia kati yake na mpenzi wake, anakuwa mkubwa kuliko yeye, na hatimaye anambeba yeye pamoja na watu mashuhuri kwenda kumezwa na ndege mkubwa zaidi. Uzuri wake uko katika asili ya wimbo. Stromae aliazima kutoka "Carmen", opera ya mtunzi Mfaransa Bizet ya mwaka 1875, ambamo mapenzi yanafananishwa na ndege mkaidi asiyefugika. Chomet ameichukua sitiari hiyo ya maneno na kuipa manyoya, tumbo na njaa.

Kinyume chake, sokwe wa Coldplay, kundi la Uingereza, katika "Adventure of a Lifetime", ya mwaka huohuo, wanaokota spika msituni na kuanza kucheza. Wametengenezwa kwa ustadi mkubwa, kwa kunasa miondoko ya wanamuziki wenyewe. Ila kioo hicho kinatuonyesha upande wetu mzuri tu, na kioo cha namna hiyo mtu hukipita bila kusimama.

Dhana hii ina mpaka wake wa hatari. Kumfananisha mtu na mnyama ni tusi la kale, na watu weusi wamechorwa kama nyani kwa karne nyingi ili waonekane si watu. Tofauti iko kwenye mwelekeo wa kidole. Tusi humwonyesha jirani na kumwacha mtazamaji salama kitini pake. Kioo humnasa mtazamaji mwenyewe, yule nyani asiyeona kundule.

Hurafa za kale hupenda kufunga kwa funzo. Video haina nafasi hiyo, na pengine haiitaki: Thomas Bangalter wa Daft Punk aliwahi kukataa kabisa kwamba "Da Funk" ina funzo lolote. Charles anakutana na Beatrice, jirani yake wa utotoni, nao wanakubaliana waende kwa Beatrice wakale chakula cha jioni. Basi linafika. Beatrice anapanda. Charles anaona kibao kinachokataza redio, anasita, na milango inafungwa. Kuhusu mbwa, kibao hakisemi neno.