Akili mnemba haikupimi saratani, inasoma picha

Siku hizi utasikia mtu akisema: "Kompyuta inatambua saratani ya tezi dume yenyewe, daktari wa nini?" Hapo kuna mambo mawili yamechanganywa.

Programu hizi za akili mnemba husoma picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku), huonyesha sehemu zinazotiliwa shaka na kukadiria uzito wa shaka hiyo. Basi. Saratani huthibitishwa kwa kuchukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano na kuviangalia kwa darubini maabara. Picha, hata isomwe na nani, haijachukua nafasi ya sindano.

Chanzo cha uvumi huu pengine ni utafiti wa PI-CAI uliotoka mwaka 2024, ukiongozwa kutoka Nijmegen, Uholanzi. Wataalamu 62 wa radiolojia kutoka nchi 20 walisoma picha za wanaume 400, na programu ikawashinda kwa wastani: ikiachiwa kuwashuku kimakosa wasio na saratani hatari kwa kiwango kilekile chao, iligundua wagonjwa wenye saratani hatari wengi kuliko wao, kwa asilimia 6.8. Si haba.

Lakini kuna sehemu ambayo wengi hawaisimulii. Ilipolinganishwa na usomaji wa kawaida wa hospitali, ambako daktari ana historia ya mgonjwa na wenzake wa kushauriana nao, ushindi ule haukuonekana, walikaribiana sana. Na kipimo chote kilifanyika kwa picha za zamani, si kwa mgonjwa aliyekaa mbele ya daktari akisubiri jibu.