Umeme hauna moshi? Dhana potofu kuhusu nishati na hewa ukaa

Wengi huamini kwamba umeme ni umeme tu: ukiwasha taa umechafua, ukizima umeokoa. Kinachoamua ni umefuliwa kwa kitu gani. Mwaka 2014 jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilitoa makadirio yanayohesabu kila hatua, kuanzia kutengeneza mitambo hadi kuiendesha. Uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe hubeba gramu 820 za hewa ukaa. Ya gesi asilia ni 490, ya sola za paani 41, ya jotoardhi (mvuke wa chini ya ardhi) 38, ya maji 24, ya upepo wa nchi kavu 11.

Kwa hiyo wanaosema "paneli za sola nazo zinatengenezwa viwandani, ni yale yale" wameshika nusu ya ukweli. Moshi wa kiwandani upo, na umeshahesabiwa ndani ya hizo gramu 41. Bado ni sehemu moja ya ishirini ya makaa ya mawe.

Pikipiki za umeme nazo zinasemwa: "Wamehamisha moshi tu kutoka kwenye ekzosi." Afrika Kusini, ambako umeme mwingi ni wa makaa ya mawe, msemaji huyo ana pa kusimamia. Nairobi hana, maana takribani asilimia 90 ya umeme wa Kenya unatokana na jotoardhi la Olkaria na kwingineko, maji, upepo na jua.

Watanzania tuna dhana yetu: gesi ya Songo Songo na Mtwara ni safi. Ni safi ukiilinganisha na makaa ya mawe au mafuta mazito, basi. Tena ikivuja kabla ya kuungua, methani iliyomo hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule katika kipindi cha miaka 20. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limebadilisha hesabu, lakini maji nayo hutegemea mvua. Wanaokumbuka mgao wa 2006 na 2011 wanajua kilichofuata: mitambo ya dharura ya kukodi, na jenereta zikinguruma milangoni mwa maduka. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, na kijenereta cha saluni mara nyingi hakifikishi zaidi ya uniti mbili kwa lita hiyo. Piga hesabu mwenyewe: kwa uchafu kinayapita makaa ya mawe.

Kuhusu ushauri wa kuchomoa chaja ya simu ili kuokoa umeme, chomoa ukipenda. Ikikaa kwenye soketi mwaka mzima bila simu hula uniti mbili tatu hivi. Hita ya bafuni ya kilowati 5 huzimaliza kwa nusu saa.

Ila kwa kaya nyingi za huku kwetu, moshi mkubwa hauhusiani na umeme hata kidogo. Uko jikoni. "Mkaa hauna neno, mti utaota tena." Ukiachwa uote, sawa, uliokatwa na mahali pake pakalimwa mahindi hauoti. Na tanuri la udongo hula tani sita za kuni, pengine zaidi, kutoa tani moja tu ya mkaa. Kwa kuwa kuni zile zimefukiwa na kunyimwa hewa, haziungui vizuri, hivyo methani hutoka pamoja na moshi. Mtu wa mjini haya hayaoni, yeye anaona gunia.

Serikali ya Tanzania inataka asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na hapo ndipo utasikia kwamba kupikia umeme ni anasa ya matajiri. Jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na uniti kwa mteja wa kawaida wa nyumbani ni takribani shilingi 350 pamoja na kodi. Kikwazo cha kweli ni bei ya jiko lenyewe, na umeme kukatika saa kumi na mbili jioni maharage yakiwa ndiyo kwanza yanachemka.